Kikomo cha Sumu: Kutoka Figo hadi Saa ya Mwili

Barabara ya lami itokayo Songea kwenda mashariki hufika Namtumbo baada ya kilomita zipatazo 70, kisha huendelea hadi Tunduru. Kaskazini mwa barabara hiyo, ukishapita Likuyu Sekamaganga na kuingia katika nyika ambayo kwa miaka mingi ilikuwa sehemu ya Pori la Akiba la Selous, kuna eneo la Mto Mkuju. Miamba ya mchanga ya huko, iliyotandazwa na mito ya kale muda mrefu kabla binadamu hajatokea, imebeba madini ya urani. Tarehe 30 Julai 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua huko mtambo wa majaribio wa kuchakata madini hayo, na kwa tendo hilo mradi uliokuwa umesuasua kwa muda mrefu ukaingia hatua mpya.

Urani ikitajwa, wengi hufikiria bomu na mionzi. Hofu hiyo ina msingi, lakini haielezi jambo lote. Urani ni metali nzito, jamaa ya risasi na zebaki kwa tabia zake ndani ya mwili, na ikiwa katika hali yake ya asili hudhuru kwa kemia yake kabla haijadhuru kwa mionzi yake. Sababu ni kwamba hutoa mionzi polepole mno: nusu ya urani iliyopo leo itahitaji takriban miaka bilioni 4.5 kugeuka kuwa elementi nyingine. Radiamu na gesi ya radoni, ambazo huzaliwa na urani, zina hatari yake nyingine, nayo kwa mchimbaji ni kubwa. Historia hii inahusu hatari ya kwanza, yaani metali inayoingia mwilini kwa maji, chakula au moshi, ikakaa, na kuanza kuvuruga kazi za mwili kabla mtu hajajiona mgonjwa.

Kwa nini tuanze na historia, na si na vipimo vya leo? Kwa sababu kila kikomo cha sumu kilichoandikwa katika kanuni za maji kiliwekwa na watu waliokuwa wakikitazama kiungo fulani, kwa vyombo vya wakati wao. Ukikijua kiungo walichokitazama, umeijua pia maana ya namba waliyoiandika.

Urani iligunduliwa mwaka 1789 na mkemia Mjerumani Martin Klaproth. Mwaka 1824 Mjerumani mwingine, Gmelin, aliwapa wanyama chumvi za urani na kuona kuwa ikipitia tumboni ni sumu dhaifu, bali ikiingizwa katika damu huua. Katikati ya karne ya 19, Mfaransa Leconte aliwapa mbwa urani kidogo kidogo, akakuta sukari katika mkojo wao. Ugunduzi huo ulizua jambo ambalo leo linashangaza. Wakati huo baadhi ya matabibu waliamini kuwa kitu kinacholeta dalili ya ugonjwa, kikitolewa kwa kiasi kidogo, kinaweza kuuponya. Kwa hiyo urani ikawa dawa ya kisukari. Hata daktari wa hospitali kubwa ya London, Samuel West, alichapisha mwaka 1895 taarifa za wagonjwa wa kisukari aliowapa nitrati ya urani, naye alidai kuwa baadhi yao walipata nafuu.

Tusiwacheke. Kosa lao lilikuwa na sababu, na sababu yenyewe ni kwamba homoni zilikuwa hazijajulikana. Mwaka 1902, huko London, William Bayliss na Ernest Starling walionyesha kwamba utumbo hutoa kemikali inayosafiri ndani ya damu na kuiamuru kongosho ifanye kazi bila kupitia mishipa ya fahamu. Mwaka 1921 Frederick Banting na Charles Best, huko Toronto, wakaipata insulini. Leo inaeleweka kuwa sukari katika mkojo inaweza kuwa na chanzo zaidi ya kimoja. Kwa mgonjwa wa kisukari, homoni imepungua au haifanyi kazi, sukari ikajaa katika damu hadi ikafurika kwenye mkojo. Kwa mbwa wa Leconte, homoni haikuwa na kosa: ni mirija midogo ya figo iliyoharibiwa na urani, ikashindwa kuirudisha sukari katika damu. Dalili moja, magonjwa mawili. Urani ikaacha kuwa dawa, na katika maabara za mwanzoni mwa karne ya 20 ikawa chombo cha kuwaugulisha wanyama figo kwa makusudi ili ugonjwa huo uchunguzwe.

Hatua iliyofuata ilianzia Afrika. Mwaka 1915 akiba tajiri ya urani ilipatikana Shinkolobwe, katika Katanga ya Kongo ya Wabelgiji. Utajiri wa madini ya pale haukuwa na mfano, na sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa na Wamarekani katika mradi wa bomu la atomiki wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ilitoka huko. Maelfu ya wafanyakazi wa viwanda vya Marekani walikuwa wakivuta vumbi la urani, na wakuu wa mradi walihitaji namba: vumbi kiasi gani mtu anaweza kulivumilia? Kazi ikapewa Chuo Kikuu cha Rochester. Matokeo yalihaririwa na Carl Voegtlin na Harold Hodge, na juzuu za kwanza zikatoka mwaka 1949. Wanyama wengi walilishwa, walivutishwa na kudungwa misombo ya urani, kisha figo zao zikachunguzwa. Hitimisho lilikuwa thabiti, nalo halijapinduliwa hadi leo: kwa upande wa kemia, kiungo kinachoumia kwanza na kuonekana waziwazi ni figo. Vikomo vya urani vilivyokuja baadaye vimesimama juu ya msingi huo. Madini yalikuwa yametoka Katanga, lakini maswali yaliulizwa Rochester, tena kwa haja ya kiwanda cha vita.

Wakati Rochester wakihesabu chembe za figo, sayansi nyingine ilikuwa inakua pembeni. Ilikuwa imejulikana tangu 1729, kwa jaribio la Mfaransa de Mairan, kwamba mmea unaofumba majani usiku huendelea kufumba na kufumbua hata ukifungiwa gizani. Karne ya 20 ilionyesha kuwa mwili wa mnyama una saa kama hiyo. Mwaka 1959 Franz Halberg wa Minnesota aliipa mizunguko hii ya takriban saa 24 jina ambalo wanasayansi wanalitumia hadi leo, na mwaka 1972 makundi mawili ya watafiti Wamarekani yaliikuta saa kuu ya mamalia katika kishada kidogo cha seli chini ya ubongo, juu tu ya mahali inapopishana mishipa ya macho.

Saa hiyo huziongoza homoni. Mfano ulio rahisi ni kortisoli, homoni inayotolewa na tezi zilizo juu ya figo. Kwa mtu anayelala usiku, hupanda alfajiri, hufika kileleni karibu na wakati wa kuamka, hushuka mchana kutwa, na usiku wa manane huwa chini kabisa. Mtu huyohuyo akitolewa damu saa mbili asubuhi, kisha akatolewa tena saa kumi jioni, atapata majibu mawili yanayopishana sana, na yote mawili ni ya mtu mzima wa afya. Ndiyo maana daktari anayejua kazi yake humwambia mgonjwa aje asubuhi. Ndiyo maana pia utafiti wa homoni usioandika saa ya kuchukua damu ni wa kutiliwa shaka, hata ukiwa na majedwali mazuri namna gani.

Sasa tumeshapata nyuzi mbili, sumu ya metali na saa ya homoni, nazo zilikuja kukutana kupitia metali nyingine: kadimiamu. Jina la metali hii lilitangaa duniani kutoka Japani. Mgodi wa Kamioka ulimwaga takataka za zinki na kadimiamu katika Mto Jinzu, maji yakaingia mashamba ya mpunga mkoani Toyama, na wanawake wa makamo, wengi wao waliozaa mara nyingi, wakaanza kuvunjika mifupa kwa kukohoa tu. Daktari wa eneo hilo, Hagino Noboru, alisisitiza kuwa chanzo ni mgodi. Wapinzani wake walisema ni lishe duni na upungufu wa vitamini D. Ubishi huo haukuwa wa kipuuzi, kwa kuwa njaa ya baada ya vita ilikuwa kweli na mifupa laini ni dalili ya upungufu huo pia. Mwaka 1968 serikali ya Japani ilikubali rasmi kuwa kadimiamu ndiyo iliyoharibu figo kwanza na mifupa baadaye, huku uzazi, uzee na lishe vikichangia. Swali moja lilibaki likining'inia: kwa nini wanawake, na kwa nini baada ya ukomo wa hedhi?

Msomaji wa Songea asidhani Japani iko mbali na suala hili. Mkoa wake wa Ruvuma umelima tumbaku ya moshi kibiashara tangu enzi za ukoloni, na chama kikuu cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo kilianzishwa mwaka 1936, tumbaku ikiwa ndiyo zao lake kubwa. Mmea wa tumbaku una tabia ya kufyonza kadimiamu kutoka udongoni na kuihifadhi katika majani, na mbolea za fosfati huweza kuiongeza udongoni. Jani likikaushwa na kuvutwa, metali huingia kwenye mapafu, na mapafu huipokea kwa wepesi kuliko tumbo. Ikishafika katika figo hukaa miaka kumi hadi thelathini kabla nusu yake haijatoka. Kwa mkazi wa kawaida wa mkoa huu, basi, sumu ya metali iliyo karibu zaidi kwa sasa huenda iko katika sigara yake, na wala haiko katika Mto Mkuju.

Mtu aliyeziunganisha nyuzi hizo mbili kwa subira kubwa ni Anunciación Lafuente, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Vigo nchini Hispania, ambaye maabara yake ilikuwa katika mji wa Ourense. Tangu miaka ya 1990, mara nyingi akishirikiana na Ana Esquifino wa Madrid, alijiuliza swali ambalo watu wa figo hawakuliuliza: je, kadimiamu hufika kwenye ubongo na tezi ya pituitari, inayoongoza tezi nyingine, na ikifika huvuruga nini?

Tuitazame kwa karibu namna ya kazi yake, maana humo ndimo mlimo na thamani. Panya dume waliwekewa kloridi ya kadimiamu katika maji ya kunywa, miligramu 25 kwa lita, kwa siku 30. Wenzao walikunywa maji safi. Taa za chumba ziliwashwa na kuzimwa kwa saa zilezile kila siku, ili saa ya mwili isipate kisingizio. Mwezi ulipokwisha, panya hawakuchunguzwa wote kwa mpigo. Kundi moja lilichukuliwa, baada ya saa nne jingine, baada ya saa nne jingine tena, mpaka siku nzima, usiku na mchana, ikawa imepimwa katika vituo sita. Hiyo ni kazi ya kukesha, na huwalazimu watafiti kutumia wanyama mara sita ya wale ambao maabara ya kawaida ingewatumia.

Kwa njia hiyo picha mpya ikaonekana. Prolaktini, homoni ya kukua, homoni inayoziamuru tezi za juu ya figo, na zile zinazoongoza uzazi wa dume, zote zina mpangilio wake wa siku. Na kwa panya waliokunywa kadimiamu mipangilio hiyo ilibadilika. Baadhi ya vilele vilihamia saa nyingine, vingine vilipotea. Kemikali zinazopeleka ujumbe kati ya ubongo na pituitari, kama dopamini na noradrenalini, nazo zilivurugika. Mpimaji ambaye angechukua damu mara moja tu, tuseme asubuhi, angeweza kuona tofauti kubwa au asione kitu kabisa, kutegemea saa aliyoibahatisha. Kwa maoni yangu, hilo ni somo kubwa kuliko hata matokeo yenyewe ya kadimiamu.

Wakati huohuo, Marekani ilikuwa inatoa jibu la upande wa jike. Mwaka 2003 kundi la Mary Beth Martin wa Chuo Kikuu cha Georgetown lilionyesha kuwa kadimiamu kidogo sana, ikiingia katika mwili wa panya jike, huweza kuiga kazi ya homoni ya kike, estrojeni: uterasi iliongezeka uzito kana kwamba homoni yenyewe imetolewa. Na mwaka 2007 zamu ikawa ya urani. Stefanie Raymond-Whish, mwanamke wa kabila la Wanavajo aliyekuwa akisomea uzamivu Flagstaff, Arizona, pamoja na msimamizi wake Cheryl Dyer, waliwapa panya maji yenye urani kwa viwango ambavyo vingine vilikuwa chini ya kikomo cha Marekani cha mikrogramu 30 kwa lita. Panya waliotolewa ovari, ambao hawakuwa na estrojeni yao wenyewe, walionyesha dalili za kuipata. Walipopewa dawa inayoziba mlango wa estrojeni katika seli, dalili zikakoma. Raymond-Whish hakulichagua suala hili kwa kubahatisha. Katika ardhi ya Wanavajo takriban tani milioni 30 za madini ya urani zilichimbwa kati ya 1944 na 1986, na zaidi ya migodi 500 iliachwa wazi, mingine karibu na visima vya watu.

Ufaransa nako walitazama usingizi. Mwaka 2005 Lestaevel na wenzake waliripoti kwamba panya waliokunywa kwa muda mrefu maji yenye urani iliyorutubishwa walipata usingizi wa ndoto mwingi kuliko kawaida. Majaribio ya wenzao yalionyesha kuwa urani iliyofifishwa, ambayo kikemia ni ileile lakini mionzi yake ni dhaifu, ilileta athari ndogo au haikuleta kabisa. Na kuhusu testosteroni pia, ni ile iliyorutubishwa tu iliyoipandisha. Hapo ndipo maelezo mawili yanapogongana. Kazi ya Flagstaff inasema kosa ni la kemia, kwani walitumia urani iliyofifishwa na bado wakaona athari. Kazi ya Ufaransa inaelekeza kidole kwenye mionzi. Dozi hazikufanana, wanyama hawakufanana, na viungo vilivyotazamwa havikuwa vilevile. Kwa hiyo si lazima upande mmoja uwe umekosea, ila pia mtu asiharakishe kutangaza kuwa urani ya kisimani huvuruga homoni za binadamu. Panya ametupa sababu ya kuuliza, hajatupa jibu.

Upande wa binadamu, ushahidi mzuri zaidi umetoka Finland, ambako watu wengi hunywa maji ya visima virefu vilivyochimbwa katika miamba ya matale, na baadhi ya visima hivyo vina urani zaidi ya mikrogramu 1,000 kwa lita. Päivi Kurttio na wenzake waliwachunguza wanywaji hao mwanzoni mwa miaka ya 2000. Waliona mabadiliko madogo katika kazi ya mirija ya figo, lakini hawakuona figo zilizokufa. Taarifa kama hizo ndizo zilizolifanya Shirika la Afya Duniani lilegeze kikomo chake: mikrogramu 2 kwa lita mwaka 1998, 15 mwaka 2004, na 30 mwaka 2011. Mwelekeo huo una mantiki yake ikiwa figo ndiyo kipimo. Lakini ni vyema kukumbuka kuwa namba ilikuwa inapanda katika miaka ileile ambayo watu wa homoni walikuwa wanauliza kama haikupaswa kushuka.

Turudi Namtumbo. Wajerumani wa kampuni ya Uranerzbergbau walitafuta urani kusini mwa Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisha bei ikaanguka nao wakaondoka. Bei ilipopanda tena katika miaka ya 2000, kampuni ya Mantra ya Australia iliichunguza kwa kina akiba iliyoitwa Nyota, na mwaka 2011 Warusi wakainunua kampuni hiyo. Mwaka huohuo wa 2011, mwezi Machi, ajali ya Fukushima ilitikisa soko lote la nishati ya nyuklia. Hata hivyo taratibu ziliendelea: mwaka 2012, katika mkutano wa Saint Petersburg, Kamati ya Urithi wa Dunia ilikubali mpaka wa Selous usogezwe ili eneo la mgodi, lisilofika asilimia moja ya hifadhi, liwe nje, na mwaka 2013 leseni maalumu ya uchimbaji ikatolewa. Kisha bei ikazidi kudorora na mradi ukalala.

Usingizi huo wa mradi ulikuwa na faida ambayo haikupangwa. Uliwapa wanasayansi wa Tanzania muda wa kupima ardhi ikiwa bado haijaguswa. Firmi Banzi wa Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, pamoja na wenzake, katikati ya miaka ya 2010 walipima metali nzito katika udongo wa kuzunguka eneo la mradi, na mionzi ya asili katika udongo na mimea. Uzito wa kazi hiyo huonekana mgodi ukishaanza. Miamba yenye urani huvujisha kidogo majini hata bila mchimbaji. Pasipo namba za awali, kampuni inaweza kusema kila kilichopatikana kisimani kilikuwepo tangu zamani, na mwanakijiji anaweza kusema kila kilichopatikana kimeletwa na kampuni, na hakimu asiwe na la kushika.

Udongo na mimea, hata hivyo, si mwili wa mtu. Vipimo vya awali vya watu wa Likuyu Sekamaganga na vijiji jirani vingegharimu zaidi, lakini havihitaji maajabu: mkojo wa kupima urani na protini ndogondogo zinazovuja figo inapoanza kuchoka, na maji ya kila kisima kwa masika na kwa kiangazi. Mvutaji wa tumbaku angeandikwa kando, ili kadimiamu yake isije ikahesabiwa kuwa deni la mgodi. Homoni zikiongezwa, mate yanatosha kupima kortisoli, nayo yangechukuliwa mtu anapoamka na tena kabla hajalala, huku saa ikiandikwa kwenye kila chupa.